Desktop au web? Vipimo vya yaya Zaina vilivyomliza mama, fundi wa nguo wa Mulongwe

Wakuu, heshima kwenu. Na nyinyi wa jukwaa la programu nawasalimu mara mbili, maana leo shida yangu ni ya kwenu.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, nyumbani kwetu. Sitii chumvi. Kama umeweka maharage motoni nenda kayaangalie kwanza, uzi huu ni mrefu.

Mimi ni binti wa Uvira, mtaa wa Mulongwe, karibu na mto wenyewe. Kiswahili chetu cha Kongo mnakijua kilivyo, kwa hiyo nitajitahidi niandike kinachoeleweka na wote. Ila mama akiongea nitamwacha aongee cha kwake. Wabongo msinicheke. Au chekeni, ila msini-quote.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Za duka, za shule, za famasi, chochote kinacholeta chakula.

Mama yangu ni fundi wa nguo za harusi. Watu wote wanamwita Mama Zaina, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, yaya wangu. Kwetu yaya ni dada au kaka mkubwa, siyo yule wa kulea watoto, tusije tukagombana hapo. Mimi naitwa Mwamini na ni wa mwisho kuzaliwa, kwa hiyo hakuna anayemwita mama kwa jina langu. Nimezoea.

Atelier yake, mahali pa kushonea, ni chumba cha mbele cha nyumba. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu, na kiti kimoja cha wateja ambacho paka amekifanya chake.

Sasa, harusi ya kwetu ukoo mzima unavaa kitenge kimoja, kila mtu na mshono wake. Mpunga wa Bwegera na Luberizi ukishavunwa, harusi zinapandana, watu wanakuja kutoka uwandani huko na vitambaa vichwani. Mama anapima shangazi, wajomba, bibi, watoto. Akichanganya vipimo vya shangazi mmoja na vya mwingine, wakuu, ni vita.

Ndiyo nikamwandikia programu ya kuhifadhi vipimo.

Ya kwanza ilikuwa desktop. Niliona hakuna hata cha kujadili. Umeme wetu unakuja kama mgeni asiyeaga akiondoka, na internet ni ya kununua mega kwenye simu, zikiisha zimeisha. Nikamwekea kompyuta ya mezani inayokula betri ya sola, nikaandika programu ya dirisha moja tu. Katikati kuna mchoro wa mtu amesimama, na kwenye kila kiungo kuna kisanduku. Bega, kifua, kiuno, mkono, nyonga. Unabonyeza jina, mtu wako anatokea na namba zake zote. Hakuna mtandao, hakuna password, hakuna longolongo.

Mama aliipenda sana.

Mtu wa kwanza mama kumwingiza alikuwa Zaina. Wala hakuwa mteja. Zaina alikuwa ameshaondoka miaka kabla ya hapo, kwenda kusoma Kanada, akamaliza, akapata kazi, akabaki. Juma lile la kuondoka mama alimpima, akamshonea gauni la safari, na zile namba alikuwa bado anazo kichwani kama mtu anayejua namba yake ya simu.

Basi kila jioni mama akimaliza kazi, kabla hajazima kompyuta, mashini kwa lugha yake, anabonyeza jina la Zaina. Hagusi kitu. Anauangalia mchoro, mabega, kiuno, kisha anafunga na kwenda kutawadha kwa ajili ya magharibi.

Mimi nilikuwa najifanya sioni.

Nisiwafiche, na mimi nilimkumbuka Zaina mpaka nikawa namkasirikia. Tulilala kitanda kimoja tangu utoto. Alikuwa ananipokonya shuka. Sasa shuka lote ni langu na silipendi.

Haya, tuendelee.

Mwaka fulani mto Mulongwe ulifurika. Wa Uvira mnanielewa, wengine shukuruni Mungu tu. Maji yalipoanza kuingia uani kila mtu akakimbilia cha kwake. Mimi nilibeba cherehani. Nageuka, namwona mama amefunga kompyuta mgongoni kwa kitenge, lile kasha lenyewe zito, kama anayebeba mtoto mchanga, anapanda nayo kwa jirani wa juu.

Nikampigia kelele, "Mama, acha hiyo mashini, beba vitambaa vya watu!"

Akajibu bila kugeuka, "Mutoto wangu iko humu!"

Kompyuta ikapona. Vitambaa vya harusi moja ya Luberizi havikupona, na hilo lina uzi wake ambao sitauandika.

Baada ya pale nikaanza wimbo wa web. Nikamwambia, mama, tukiipeleka kwenye web data zinakaa kwenye server mbali huko, mto ufurike usifurike. Halafu wateja wako wametawanyika. Wako Bujumbura, Kigoma, Kampala, wengine Ulaya. Wanapiga simu kila siku, "Mama Zaina, nishonee, nimekukumbuka." Watafungua kwenye browser, watajaza vipimo wenyewe, weye utakata tu.

Mama akaniangalia kama nimemtukana.

"Weye Mwamini, minye sipimi muntu mu simu. Muntu anasimama mbele yangu, anapumua, njo ninapima." Minye ni mimi, njo ni ndipo.

Nikaleta hoja zote mnazozijua. Backup. Kuifungua popote. Kutohitaji kuinstall. Ku-update mara moja na wote wanapata. Mama akasikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama hiyo web itajua mteja amejikaza tumbo. Mjadala ukafungwa.

Mpaka Zaina alipopiga simu kusema anaolewa.

Kijana mwenyewe ni Mrundi, Mwislamu mwenzetu, wamekutana huko huko. Familia yake ilikuja kwetu kutoka Bujumbura kwa heshima zote, hatuna neno nao. Ila harusi ni Kanada, kazi zao haziwaruhusu kuja. Mama akaomba viza. Viza ikakataliwa. Sitaeleza zaidi hapo maana nitakasirika na kibodi hii ni ya kuazima.

Mama akasema neno moja tu.

"Gauni nitashona minye. Nisipofika, mikono yangu ifike."

Wakuu, eleweni uzito wake hapo. Kwa kawaida bibi harusi anajaribu gauni mara mbili, mara tatu, mama anabana hapa, anaachia pale. Hili halikuwa na kujaribu. Kulikuwa na jirani yetu mmoja anasafiri kwenda Kanada, angelibeba, angevuka mpaka wa Kavimvira hadi uwanja wa ndege wa Bujumbura, basi. Likifika na halimkai, Zaina ataolewa na gauni la dukani, na mama atakuwa hayupo kabisa kwenye harusi ya mtoto wake. Hata mikono yake.

Na vipimo tulivyokuwa navyo kwenye desktop vilikuwa vya msichana wa zamani, wa juma lile la kuondoka.

Basi hapo mama mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Fanya ile web yako."

Niliiandika haraka kama mtu anayekimbizwa. Mchoro ule ule, visanduku vile vile, ili mama asipotee. Nikaiweka hewani, nikamtumia Zaina link.

Akajaza siku ile ile.

Tukakaa mbele ya skrini, mama, mimi, na shangazi aliyekuja kuazima chumvi akabaki. Nikawasha mtandao wa simu yangu. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, shangazi akauliza kama ndiyo harusi imeanza. Mwishoni mchoro ukatokea, na namba moja moja zikajaa.

Mama alizisoma kuanzia juu. Kifua. Kiuno. Nyonga. Unene wa mkono.

Sikuhitaji kuambiwa. Niliona uso wake ukibadilika. Zote zilikuwa ndogo kuliko zile za zamani. Kila alichosoma kilikuwa kimepungua.

"Mutoto wangu iko anakwisha," akasema. Akafunika uso kwa ushungi, akalia.

Jamani. Mama yangu sijawahi kumwona akilia namna ile, hata mto ulipotufuata ndani.

Shangazi naye hakusaidia. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua Zaina anaumwa Kanada na anaficha. Wakaja wamama na mikeka, ikasomwa dua. Mmoja akasema baridi ya huko inakula watu mifupa. Mwingine akasema ni mapenzi, mchumba anamtesa. Na mimi nimeshika simu naikodolea macho.

Tukampigia Zaina. Video.

"Unakula?" mama akauliza, hata salamu hakuna.

"Ninakula mama. Hata nimeongezeka kidogo."

"Banakupa nini kule?"

"Mama, ninajipikia mwenyewe! Niko muzima!"

Uso wake kwenye simu ulikuwa wa duara, mzuri, mashavu yapo. Nikamwambia mama, angalia mashavu. Akasema simu inanenepesha watu. Ukiwa na mama wa hivyo unamshinda kwa hoja gani?

Alianza kutayarisha mzigo. Ndagala wakavu, mfuko mzima, watiwe pamoja na gauni. Jirani anayesafiri akaja mbio kuomba msamaha kwamba akinuka samaki uwanja wa ndege atashushwa. Wakagombana. Kisha wakalia wote wawili.

Mimi sasa nikarudi kwenye code. Kusema kweli nilikuwa naona aibu, maana mama aliikataa web tangu mwanzo, wimbo ulikuwa wangu, na kitu cha kwanza ilichomletea ni msiba. Nikasema lazima iko bug. Labda Zaina amejaza inchi. Haikuwa inchi. Labda visanduku vimebadilishana. Havikubadilishana.

Nikafungua madirisha mawili kwa pamoja. Kushoto programu ya desktop na Zaina wa zamani. Kulia browser na Zaina wa sasa. Nikamlinganisha dada yangu na dada yangu.

Ndipo nikaona kitu. Vipimo vya urefu vilikuwa sawasawa kabisa. Bega mpaka kiuno, bega mpaka kifundo cha mkono, havijasogea. Vilivyopungua ni vile vya kuzungusha tepu tu. Na vilipungua karibu kiasi kile kile, kifua na unene wa mkono na nyonga, ila kiuno kilipungua kidogo kuliko vingine.

Mtu hakondi hivyo, wakuu. Mtu akikonda, kila mahali hupungua kiasi chake.

Nikachukua tepu ya mama mezani, nikasimama mbele ya kioo, nikajipima kifua. Kisha nikafungua jina langu kwenye desktop, vipimo alivyonichukulia mama kwa ajili ya Idi iliyopita.

Na mimi nilikuwa nimekonda. Kiasi kile kile.

Nikacheka peke yangu, paka akakimbia.

Nikaenda uani nilikomkuta mama anachambua ndagala. "Mama, njoo unipime."

"Leo minye sina akili ya kupima."

"Nipime tu kifua. Tafadhali."

Akaosha mikono, akajifuta kwenye kanga, akazungusha tepu. Na hapo nikavisikia. Vidole viwili vya baridi, cha shahada na cha kati, kati ya tepu na mwili wangu. Mama anaviweka pale kila anapompima mtu, ni nafasi ya kupumulia. Alifundishwa na mama yake, na mama yake sijui na nani. Tangu utoto, kila Idi, vidole vile vile, na mimi na Zaina tukipiga kelele kwamba vinatekenya. Nilikuwa nimevizoea mpaka sivijui tena.

"Mama," nikasema, "vidole."

"Vidole gani?"

"Hivyo. Ulivyoweka chini ya tepu."

Akauangalia mkono wake kama wa mtu mwingine. Nikamweleza polepole, nikamwonyesha madirisha mawili, nikamwonyesha vipimo vyangu na mimi. Kwamba namba zote anazozijua yeye, za watu wote aliowashonea maishani, zina vidole vyake ndani. Za Zaina zilizotoka kwenye web hazina.

Mama akasema nimpigie Zaina.

"Nani alikupima?" akamuuliza.

"Nilijipima mwenyewe mama. Bafuni."

"Hukuita muntu?"

"Nimwite nani huku?"

Aliisema kawaida tu, hata hakuwa na huzuni. Ila mama akanipa simu, akaingia chumbani. Nikabaki na Zaina kwenye skrini, ananiuliza, "Imekuwa nini? Nimesema nini?" Nikamwambia nimekumiss tu, yaya, rudi unipokonye shuka. Akaanza kulia na yeye. Mega zikaisha.

Mama alipotoka chumbani macho yalikuwa mekundu lakini mgongo umenyooka. Akawaambia wamama wa mikeka, "Hakukonda. Hakuna muntu wa kumupima, njo hivyo tu." Wakaona ni afadhali, wakaenda zao. Mimi sikuona ni afadhali.

Akazichukua namba za web, na kila palipokuwa pa mzunguko akaweka vidole vyake mezani juu ya tepu, akaongeza upana wa vidole hivyo, akakata. Kiunoni, baada ya vidole kuingia, Zaina alitoka mnene kidogo kuliko zamani. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ee, iko anakula."

Gauni likashonwa. Likavuka Kavimvira, bila ndagala.

Sasa turudi kwenye mada, maana najua kuna watu wameruka mpaka hapa.

Nilitaka kuitengeneza web ijumlishe vidole yenyewe, kanuni ndogo tu, kila mzunguko iongeze kiasi. Mama akauliza, "Vidole vya nani?" Nikasema vya wastani. Akasema wastani hamjui.

Kwa hiyo nikafanya hivi. Desktop imebaki atelier, mteja anasimama mbele ya mama, anapumua, anapimwa. Web ni ya walio mbali, na mtandao ukipatikana zile mbili zinapeana data. Najua mtakuja na habari za app ya web inayofanya kazi bila mtandao. Nimewasikia, hata mimi nimeiwaza, lakini jambo lenyewe halikuwa mtandao.

Kwenye web nikaongeza maandishi juu ya mchoro: "Mwite mtu akupime. Aweke vidole viwili chini ya tepu." Na chini kuna kisanduku kimoja ambacho bila kukijaza fomu haiendi: "Nani amekupima?"

Watu wanajaza. Mke wangu. Jirani. Mwanangu. Kuna mzee mmoja wa kwetu, sitasema yuko nchi gani, alijaza "sina mtu". Mama hakuanza na kukata kitambaa. Alimpigia simu, wakaongea muda mrefu mambo ya Mulongwe, nani amekufa, nani amejenga wapi, kisha ndiyo akamshonea. Sasa huyo mzee anaagiza mashati kila mara na mimi nina hakika hayavai yote.

Nilichojifunza ni hiki. Nilipokuwa nawaza desktop au web, nilikuwa nauliza maswali ya umeme, mega na server. Yote ya maana. Lakini nilisahau kuuliza, mtumiaji wangu akiwa mbele ya skrini, pembeni yake kuna nani. Desktop ya mama ilikuwa na mama ndani ya chumba. Web ilimfikia Zaina upesi sana, na ikamkuta bafuni peke yake.

Mniwie radhi kama nimewachosha. Nimalizie na siku gauni lilipofika.

Zaina alipiga video ameshalivaa. Alisimama mbali na simu ili lionekane lote. Lilimkaa, wakuu. Mabega yalikaa, kifua kilikaa. Mama aliinamia skrini, macho ya kazi, anamwambia geuka, inua mkono, kaa, simama.

"Kiuno?" mama akauliza. "Kinabana?"

Zaina akaingiza vidole vyake viwili pale kiunoni, kati ya gauni na mwili. Vikaingia bila shida. Akaviacha humo.

"Mama," akasema, "nafasi yako iko."

Mama akanyoosha vidole vyake viwili, akaviweka juu ya skrini, pale pale kiunoni, mpaka simu ikazimika.

Basi, uwanja ni wenu. Wa desktop jengeni hoja, wa web jengeni hoja, na wa kunisema nisemeni, nitajibu mega zikiwepo. Ila wewe unayesoma ukiwa mbali na kwenu, kabla hujaandika chochote niambie kwanza: mara ya mwisho ulipimwa na nani?